Kigeuzi cha AV kwenda HDMI kwa deki ya DVD: kinafanya kazi, lakini si kila nyumba inakihitaji

Kisanduku kidogo cha plastiki, cheusi au cheupe, kinachouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli Avenue jijini Nairobi na katika maduka mengi ya vifaa vya umeme ya miji yetu, kikiwa na maandishi "AV2HDMI" mgongoni, kimekuwa jibu la kwanza analopewa mteja anayelalamika kwamba deki yake ya DVD haitoi picha kwenye televisheni mpya. Nimekitumia kwa deki na televisheni za aina mbalimbali, na hukumu yangu ni kwamba ni kifaa kizuri chenye kazi moja tu. Wanaokihitaji hawana njia nyingine iliyo rahisi kuliko hiyo, lakini wapo wengi waliokinunua ilhali tatizo lao lingetatuliwa kwa kuhamisha waya kutoka tundu moja hadi jingine, au kwa kubonyeza kitufe kimoja cha rimoti.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya vitu vilivyohifadhiwa kwenye diski hizo. Katika nyumba nyingi, mkanda wa harusi ya wazazi ulihamishiwa kwenye DVD na mkanda wenyewe ukatupwa. Diski hiyo sasa ndiyo nakala pekee iliyobaki, pamoja na diski za kipaimara, maulidi, mahafali, kwaya na mazishi ya wazee. Televisheni ya chogo ilipokufa na televisheni bapa ikaingia sebuleni, deki ilibaki chini ya meza ikiwa nzima kabisa, na watu wa nyumbani wakaamini kwamba imeharibika. Kwa hiyo ninakieleza kifaa hiki pamoja na makosa ya uunganishaji ambayo husingiziwa deki, maana mtu hawezi kujua kama kisanduku kinafaa bila kujua kwanza ugonjwa uko wapi.

Muundo wake ni rahisi. Upande mmoja una matundu matatu ya mviringo ya AV, yaani ya picha na sauti za mfumo wa zamani: la njano kwa ajili ya picha, jeupe kwa ajili ya sauti ya kushoto na jekundu kwa ajili ya sauti ya kulia. Upande wa pili una tundu la HDMI, linalotoa picha na sauti pamoja kwa waya mmoja wa dijitali, na pembeni kuna tundu dogo la USB la kuingizia umeme wa volti 5 pamoja na swichi ndogo ya kuchagua 720p au 1080p, yaani idadi ya mistari ya picha. Ndani yake kuna chipu inayopokea ishara ya zamani ya analojia inayotoka kwenye deki, ikaigeuza kuwa ya dijitali, ikaikuza hadi kufikia ukubwa uliochaguliwa na kuipeleka kwenye televisheni ikiwa imeungana na sauti. Hakina betri, hakina menyu na hakina rimoti. Ukishakiunganisha ipasavyo hakuna cha kuendesha, na huo ndio uzuri wake kwa nyumba yenye wazee au watoto wadogo.

Kosa la kwanza hufanyika dukani kabla hata ya kufika nyumbani. Kisanduku hiki kina pacha anayefanana naye kwa kila kitu, kwa umbo, rangi, idadi ya matundu na hata herufi zilizoandikwa mgongoni, isipokuwa kwamba herufi hizo zimepangwa kinyume: "HDMI2AV". Huyo pacha hupokea HDMI na kutoa nyaya tatu, na kazi yake ni kuunganisha kifaa kipya na televisheni ya zamani. Mwenye deki ya zamani na televisheni mpya anahitaji njia iliyo kinyume chake. Hakuna hata kimoja kati ya visanduku hivi viwili kinachofanya kazi pande zote mbili, na mtu akichukua kisichofaa hatapata dalili yoyote ya kumwonya zaidi ya kioo kusema kwamba hakuna ishara. Muuzaji mwenye haraka huweza kuvichanganya, hasa pale ambapo vyote viwili vimewekwa kwenye kasha moja la kioo. Soma maandishi ya mgongoni wewe mwenyewe. Upande wenye matundu matatu ya rangi unapaswa kuandikwa "INPUT", na upande wa HDMI uandikwe "OUTPUT".

Kabla ya kulipa, hata hivyo, mtu aende nyuma ya televisheni yake akaitazame vizuri, kwa sababu ni televisheni chache kuliko watu wanavyodhani ambazo hazina kabisa mahali pa kuingizia AV. Kilichotokea ni kwamba watengenezaji walipunguza matundu. Badala ya tundu la njano peke yake na matundu ya kijani, bluu na jekundu peke yake, wameweka tundu moja la kijani lenye duara la njano au lenye maandishi "Y/VIDEO", na tundu hilo hupokea ishara za aina mbili kwa zamu. Mtu akitafuta tundu la njano halioni, akaamini kwamba televisheni haina AV. Mwingine huchomeka waya wa njano kwenye tundu la kijani kwa kubahatisha, akapata picha isiyo na rangi, ya nyeusi na nyeupe, akaita fundi.

Dalili hiyo ya picha kukosa rangi ina maelezo mazuri, na anayeyafahamu hatahangaika tena. Tundu la kijani, likitumika katika mfumo wa nyaya za kijani, bluu na nyekundu, hubeba mwanga wa picha tu, yaani weusi na weupe wake, huku rangi zikisafiri kwenye nyaya nyingine mbili. Televisheni ikiwa imewekwa kwenye chanzo cha "Component" itaisoma ishara ya waya wa njano kana kwamba ni mwanga mtupu, na rangi zilizomo ndani yake haitazifasiri. Waya hauna kosa na deki haina kosa. Bonyeza kitufe cha "SOURCE" au "INPUT" kwenye rimoti ya televisheni, chagua "AV", na rangi zitarudi papo hapo. Katika baadhi ya televisheni hakuna machaguo mawili, kwani televisheni hutambua yenyewe ni nyaya zipi zimechomekwa, na hapo ni muhimu kuhakikisha kwamba matundu ya bluu na jekundu la picha yako wazi.

Kundi jingine la televisheni bapa limeweka AV kwenye tundu dogo la milimita 3.5, linalofanana na la spika za masikioni, na televisheni hizo huuzwa pamoja na waya mfupi wenye kichwa kimoja kidogo upande mmoja na matundu matatu ya rangi upande wa pili. Waya huo mfupi ndio unaopotea kwanza katika kila nyumba. Ukipotea, mtu hununua mwingine unaofanana nao kwa macho, na hapo huanza taabu, kwa kuwa kichwa hicho kidogo kina sehemu nne za chuma zilizotenganishwa na pete nyembamba, na watengenezaji hawakukubaliana ni sehemu ipi ibebe picha, ipi ibebe sauti na ipi iwe ya kurudishia umeme. Waya wa kamera ya zamani ya video na waya wa televisheni huweza kuingia kwenye tundu lilelile bila tofauti yoyote ya kuonekana, lakini mmoja ukaipeleka picha mahali pa sauti. Dalili yake ni mngurumo kwenye spika na kioo kitupu. Kabla ya kuutupa waya huo, jaribu kuchomeka waya wa picha kutoka kwenye deki katika tundu jekundu la waya mfupi, kisha katika jeupe. Mara nyingi picha hutokea kwenye moja ya hayo, na kinachobaki ni kupanga upya nyaya za sauti. Ikiwa picha haitokei popote, basi sehemu ya kurudishia umeme nayo imehamishwa, na waya huo haufai kwa televisheni hiyo.

Mwenye televisheni ya aina hizo mbili hahitaji kigeuzi. Anayekihitaji ni mwenye televisheni ambayo imebaki na HDMI pekee, na vilevile yule ambaye tundu lake moja la AV limeshikwa na king'amuzi. Hali hii ya pili tunaifahamu vizuri Tanzania, ambako kuzimwa kwa mitambo ya analojia kulianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kila nyumba iliyotaka kuendelea kutazama matangazo ikalazimika kuwa na king'amuzi nyuma ya televisheni. Watu wengi hadi leo huchomoa nyaya za king'amuzi ili kuchomeka za deki, kisha huzirudisha taarifa ya habari ikikaribia, na matundu hulegea kwa mchezo huo. Ushauri wangu kwao ni kuangalia kwanza kama king'amuzi chenyewe kina HDMI. Kama kinayo, hamishia king'amuzi kwenye HDMI kwa waya wa kawaida, nacho kitatoa picha bora zaidi, kisha iachie deki tundu la AV. Gharama ya waya mmoja wa HDMI ni ndogo, na nyumba itakuwa imepata faida mbili kwa mpigo.

Sasa niseme kuhusu deki yenyewe, maana hapa ndipo penye mambo mengi. Nyuma ya deki ya kawaida kuna matundu ya mviringo yasiyopungua sita au saba, na yote yana umbo moja. Lipo la njano lenye maandishi "VIDEO OUT", yapo mawili ya sauti, yapo matatu ya kijani, bluu na jekundu, na mara nyingi lipo moja la rangi ya machungwa au jeusi lenye maandishi "COAXIAL". Hilo la mwisho hutoa sauti ya dijitali kwa ajili ya vikuza sauti vikubwa. Waya wa njano ukichomekwa hapo, televisheni haitapata picha hata kidogo, na kwa kuwa rangi ya machungwa na ya njano zinakaribiana katika mwanga hafifu wa nyuma ya kabati, kosa hili ni la kawaida kuliko linavyosikika. Vivyo hivyo kuna matundu mawili mekundu, moja la sauti na jingine la picha, na kuyabadilisha husababisha ama sauti ya upande mmoja tu ama mngurumo. Chukua tochi ya simu, soma maandishi, na usitegemee rangi peke yake.

Baada ya matundu huja menyu. Deki nyingi zina uwezo wa kutoa picha kwa njia zaidi ya moja, na kuna mpangilio unaoamua ni njia ipi iwe hai. Kitufe cha rimoti chenye maandishi "P-SCAN", "V-MODE" au "VIDEO" hubadilisha mpangilio huo, na mtoto akikibonyeza mara moja tu, deki inaweza kuhamia kwenye picha inayopita katika nyaya za kijani, bluu na nyekundu, huku tundu la njano likizimika au likitoa picha iliyokatikakatika na kujaa mistari. Kutoka hapo mtu hawezi kuingia kwenye menyu kurekebisha, kwa sababu haioni. Jibu ni kubonyeza kitufe hichohicho, diski ikiwa imesimama, na kusubiri sekunde chache kila baada ya kubonyeza, hadi picha irudi. Kitufe hicho kisiposaidia, tafuta televisheni ya jirani yenye matundu ya kijani, bluu na jekundu, unganisha deki hapo, na menyu itaonekana. Nawasisitizia wasomaji jambo hili kwa sababu deki nyingi zilizoletwa kwangu zikidaiwa kufa zilikuwa katika hali hii tu, na hakuna kigeuzi ambacho kingeweza kuzisaidia, kwani kigeuzi hakiwezi kugeuza ishara isiyotoka.

Kwa ufupi tu: deki ikiandika kwenye kioo chake kidogo cha mbele kwamba hakuna diski, tatizo ni lensi au diski yenyewe, na nyaya hazihusiki. Ikiwa dakika zinahesabika mbele na diski inazunguka, basi deki inafanya kazi, na ugonjwa uko kati ya tundu lake na televisheni.

Nyaya nazo zina siri moja inayosaidia sana. Zile tatu za rangi zinazouzwa zikiwa zimeunganishwa pamoja, za njano, nyeupe na nyekundu, kwa kawaida zimetengenezwa kwa namna ileile, na rangi ni alama tu ya kumsaidia mtu asichanganye. Kwa hiyo ukishuku kwamba waya wa njano umekatika ndani, chukua ule mweupe, uchomeke kwenye tundu la njano la deki na kwenye tundu la njano la kigeuzi au televisheni. Picha ikitokea, umekwisha kumjua mgonjwa, na unaweza kutazama harusi nzima kwa sauti ya upande mmoja huku ukisubiri siku ya kwenda dukani. Nyaya hukatika zaidi pale zinapoingia kwenye kichwa, mahali ambapo watu huzivuta. Ukiutikisa waya taratibu karibu na kichwa na picha ikawa inakuja na kuondoka, jibu umelipata. Waya mwembamba sana unaouzwa kwa bei ya kutupwa, ambao mara nyingi ndio unaowekwa ndani ya boksi la kigeuzi, hauna kinga ya kutosha kuzunguka uzi wa katikati, na picha yake huwa na michirizi inayopanda polepole, hasa ukipita sambamba na waya wa umeme. Kwa picha ya analojia waya mnene kidogo una maana, na hapa ndipo ningependekeza pesa iongezwe.

Tukirudi kwenye kisanduku, kuna sifa yake moja ambayo sikuiona ikitajwa na muuzaji yeyote, nayo ni kwamba kinaweza kutumika kama kipimo. Vingi kati ya visanduku hivi, vikipata umeme lakini visipopata ishara ya AV, hutoa kioo cha bluu kitupu kwenda televisheni. Ukiona bluu hiyo badala ya maneno ya televisheni yanayosema hakuna ishara, fahamu kwamba umeme umefika, waya wa HDMI ni mzima, na televisheni iko kwenye chanzo sahihi. Kosa limebaki upande wa deki: tundu, mpangilio wa P-SCAN, au waya wa njano. Ukiona maneno ya televisheni, kosa liko upande wa pili: umeme wa kisanduku, waya wa HDMI, au namba ya HDMI iliyochaguliwa kwa rimoti. Kwa kugawanya njia katika vipande viwili namna hiyo, mtu asiye fundi anaweza kumaliza uchunguzi kabla chai haijapoa.

Umeme wa kisanduku wastahili maneno yake. Baadhi ya watu hukichomeka wakidhani kwamba waya wa HDMI utakilisha, na baadhi ya picha za mtandaoni huonyesha hivyo, lakini kisanduku cha aina hii huhitaji USB. Tundu la USB la televisheni hufaa mara nyingi, kwa kuwa USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500, na hiyo kwa kawaida hutosha. Hata hivyo zipo televisheni ambazo USB yake ni dhaifu, na dalili yake ni picha inayozima kwa sekunde moja na kurudi, au rangi zinazoruka. Chaja ya simu iliyo nzuri, ikichomekwa ukutani, huondoa mashaka hayo. Kisanduku hupata joto kikitumika, hivyo kisifungiwe nyuma ya kitambaa cha mapambo wala kulaliwa na king'amuzi.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni kama picha itakuwa nzuri kwa kuwa swichi imeandikwa 1080p. Jibu la kweli ni hapana, na muuzaji anayeahidi vinginevyo anamdanganya mteja. Diski ya DVD ya mfumo wa PAL, ambao ndio unaotumika kwetu, hubeba picha yenye nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwa urefu. Picha hiyo inapopita kwenye waya mmoja wa njano, mwanga na rangi huchanganywa pamoja, na kama vile chai na maziwa vikishachanganywa, kuvitenganisha tena upande wa pili hakufanikiwi kikamilifu. Ndiyo sababu kwenye kingo za rangi kali, kwa mfano vitenge vyekundu vya akina mama wa kamati ya harusi, huonekana vidoti vinavyotambaa. Kisanduku hukuza picha hiyo hadi mistari 720 au 1080, lakini hakiongezi habari ambayo haikuwamo. Kwenye televisheni ya inchi 32 matokeo yanaridhisha kabisa. Kwenye ya inchi 55 nyuso za watu wa mbali huwa laini kama zimefunikwa ukungu, na hakuna swichi ya kulirekebisha hilo.

Kuna kasoro nyingine ambayo watu huiona bila kujua chanzo chake. Picha ya PAL ni ya fremu 25 kwa sekunde, na vingi kati ya visanduku hivi hutoa ishara ya mara 60 kwa sekunde bila kujali kilichoingia. Kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 25 bila kubaki, baadhi ya fremu huonyeshwa muda mrefu kuliko nyingine, na kamera inapozunguka ukumbini mwendo huonekana wa kushtuka-shtuka. Katika mahubiri au mahojiano huwezi kuona tofauti. Katika ngoma na mpira utaiona. Naihesabu kuwa kasoro halisi ya kifaa, na ningefurahi kama watengenezaji wangeweka swichi ya 50 na 60 pamoja na ile ya 720 na 1080.

Upana wa picha nao huwasumbua wengi. Harusi za zamani zilipigwa kwa umbo la 4:3, na kisanduku huinyoosha picha hiyo ijaze kioo cha 16:9, hata bibi harusi akaonekana mnene na mfupi. Kwenye menyu ya deki, mahali palipoandikwa "TV TYPE" au "TV DISPLAY", jaribu mipangilio iliyopo. Ikiwa haisaidii, chagua 4:3 kwenye menyu ya televisheni, na milia miwili myeusi itakayobaki kushoto na kulia ndiyo ishara kwamba watu wamerudi kwenye maumbile yao.

Jambo ambalo kisanduku hulifanya vizuri kuliko nilivyotarajia ni kupokea mifumo yote miwili ya picha, PAL na NTSC. Diski iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani huwa ya NTSC, yenye mistari 480, na kwenye televisheni ya zamani ya PAL pekee picha yake hupanda na kushuka au kukosa rangi. Kisanduku huitambua yenyewe na kuionyesha bila shida. Tofautisha hilo na zuio la maeneo ya mauzo: deki inayoandika kwamba diski si ya eneo lake inasema kweli, kwa kuwa filamu za kununua za Marekani ni za eneo la 1 nasi Afrika Mashariki tumewekwa eneo la 5, na hakuna waya wala kigeuzi kinachobadilisha hilo. Diski ya harusi iliyochomwa studio kwa kawaida haina zuio hilo.

Mwenye sabufa asikilize hapa. Watu wengi huchukua nyaya za sauti moja kwa moja kutoka kwenye deki hadi kwenye sabufa, na picha peke yake huipitisha kwenye kisanduku. Kisanduku na televisheni huchukua muda mfupi kuichakata picha, na sauti inayotoka moja kwa moja hutangulia. Midomo ya waimbaji hufuata nyuma ya wimbo. Pitisha sauti na picha pamoja kwenye kisanduku, kisha toa sauti kwenye tundu la spika za masikioni la televisheni kwenda kwenye sabufa. Vitu hivyo viwili vitaenda pamoja.

Ikiwa deki yako ina tundu lake la HDMI, sahau yote niliyosema kuhusu kisanduku na uunganishe waya mmoja wa HDMI moja kwa moja. Picha itakuwa safi zaidi, kwa kuwa haipiti kwenye waya wa njano hata kidogo. Kioo kikiwa cheusi, washa televisheni kwanza, chagua chanzo sahihi, kisha washa deki, maana vifaa hivi viwili hutambuana vinapowashwa. Kama bado ni cheusi, huenda deki imewekwa 1080p na televisheni ya zamani kidogo haiipokei. Ishushe hadi 720p au 576p kwa kitufe cha "HDMI" au "RESOLUTION" cha rimoti ya deki.

Kwa anayekwenda kununua, nashauri abebe deki yake dukani, au angalau waya wake na diski moja. Mwambie muuzaji kwa upole, "Kaka, naomba unijaribishie kabla sijalipa," na muuzaji mwenye bidhaa nzima hatakataa. Tazama mambo matatu wakati wa jaribio: tundu la HDMI lisicheze ukilitikisa, picha isizime swichi ya 720p na 1080p inapobadilishwa, na sauti itoke pande zote mbili. Duka moja lilinikatalia jaribio kwa maelezo kwamba boksi likifunguliwa halirudishiwi kifuniko chake, nami nikaenda duka la pili, ambako kijana aliyekuwa kaunta alichomoa nyaya za televisheni ya maonyesho yeye mwenyewe, akaweka diski yangu, na picha ikatokea kabla sijamaliza kumweleza ninachotaka. Nilichukua hichohicho alichokijaribu, nikaongeza waya wa AV ulio mnene, na ule mwembamba uliokuwa ndani ya boksi nikamwachia.